Kupima chuma kwenye maji kwa spektrofotometa: mwongozo kamili wa kupata mstari wa kalibresheni unaoaminika

Wanafunzi wa kemia wa Iringa na Mbeya wanaoniuliza kuhusu miradi yao ya mwaka wa mwisho hukwama mahali pamoja. Mstari wa kalibresheni, yaani grafu inayogeuza usomaji wa mashine kuwa kiasi cha chuma, unapinda. Blanki, yaani maji yasiyotiwa chuma yaliyopitishwa kwenye kemikali zote, ina rangi ya chungwa. Sampuli ya kisima inatoa jibu chini ya sifuri. Halafu lawama zote zinaangukia mashine, yaani spektrofotometa, inayopima mwanga unaofyonzwa na rangi.

Mashine mara nyingi haina kosa. Namba inakuwa imeshaharibika kwenye chupa, kwenye pipeti, au kwenye mpangilio wa kuongeza kemikali, kabla mwanga haujapita popote. Anayetaka kuwa mkemia wa spektroskopia chuoni, awe msaidizi wa kufundisha kwanza na mhadhiri baadaye, atapimwa kwa jambo hili kuliko kwa jina la mashine aliyoigusa: je, akisema maji haya yana miligramu 2.6 za chuma kwa lita, anaweza kuitetea namba hiyo?

Njia tunayotumia hapa ni ya fenantrolini. Chuma cha aina ya Fe²⁺ hushikana na molekuli tatu za 1,10-fenantrolini na kutoa rangi ya chungwa iliyokolea, inayofyonza mwanga zaidi karibu na nanomita 510. Rangi hiyo haichuji upesi, na spektrofotometa ya kawaida ya mwanga unaoonekana inatosha kabisa.

## Andaa hivi kwanza

Usianze hatua hata moja kabla vitu hivi havijawa mezani. Kukimbilia stoo katikati ya kazi ndiko kunakoleta vipimo vya kubahatisha.

Vyombo:
- Spektrofotometa na kyuveti mbili (vichupa vya kuweka sampuli mbele ya mwanga) za sentimita 1. Kioo au plastiki vinafaa. Kyuveti ya kwatzi ni ya mwanga wa urujuanimno, kwa hiyo usiiazime bure.
- Chupa za ujazo: moja ya lita 1, moja ya mililita 100, na angalau kumi na mbili za mililita 50
- Pipeti za mililita 1, 5, 10 na 25, na pipeti yenye vipimo kwa ujazo wa katikati
- Chupa za koniko za mililita 125, shanga za kioo za kuchemshia, na jiko la umeme la maabara
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.0001
- Chupa za plastiki za mililita 500 za kukusanyia sampuli
- Karatasi za kupimia pH, glovu, miwani ya usalama

Kemikali:
- Chumvi ya amoniamu na chuma salfeti yenye maji sita, Fe(NH₄)₂(SO₄)₂·6H₂O
- Asidi ya haidrokloriki iliyokolea
- Haidroksilamini haidrokloridi: gramu 10 katika mililita 100 za maji
- 1,10-fenantrolini: miligramu 100 katika mililita 100 za maji. Inayeyuka polepole. Pasha maji hadi nyuzi 80 hivi bila kuchemsha, au weka matone mawili ya asidi ya haidrokloriki iliyokolea. Ikigeuka rangi, imwage.
- Bafa ya asetati (mchanganyiko unaoshikilia pH isibadilike): gramu 25 za amoniamu asetati katika mililita 15 za maji, kisha mililita 70 za asidi ya asetiki isiyo na maji. Utapata karibu mililita 100.
- Maji yaliyokenekwa, mengi kuliko unavyodhani

Tahadhari ya bafa: hata amoniamu asetati ya daraja zuri huwa na chuma kidogo ndani yake. Kila ukitengeneza bafa mpya, tengeneza miyeyusho sanifu mipya (yenye kiasi cha chuma unachokijua) na mstari mpya. Mstari wa wiki iliyopita haufanyi kazi na bafa ya leo. Kwa hiyo piga hesabu kabla: kila chupa inakula mililita 5 za bafa, na mililita 100 zinatosha chupa ishirini tu.

## Hatua ya 1: Osha vyombo kwa asidi

Udongo wa kwetu ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma. Kiangazi, vumbi la Iringa linaingia dirishani, linakaa kwenye rafu, linakaa ndani ya chupa uliyoiosha jana ukaiacha wazi. Wewe unatafuta sehemu chache za miligramu, na chuma kimelala juu ya meza yako.

Osha kila chombo kwa sabuni isiyo na fosfati, suuza kwa maji ya bomba, kisha kiloweke kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 usiku kucha. Asubuhi suuza mara tatu au nne kwa maji yaliyokenekwa. Kausha kwa kupindua juu ya karatasi safi na ufunike. Brashi yenye waya wa chuma isiguse ndani ya chombo chochote, na kijiko cha kuchotea kemikali kiwe cha plastiki.

Umefaulu ikiwa maji yanateleza ukutani mwa chupa kwa utando mmoja bila kuacha matone, na blanki ya Hatua ya 5 ikaonekana nyeupe kwa macho.

## Hatua ya 2: Kusanya sampuli, weka asidi papo hapo

Hapa ndipo miradi mingi ya visima inapoharibika, na hakuna ufundi wa maabara unaoweza kuiokoa baadaye.

Maji ya chini ya ardhi hayana hewa nyingi, hivyo chuma chake kimeyeyuka na maji yanatoka meupe. Yakikutana na hewa, chuma kinageuka Fe³⁺ na kuanza kuganda. Chukua chupa ya maji ya namna hiyo Mbarali asubuhi, panda nayo basi hadi Mbeya mjini, na jioni utaona vumbi la kahawia limetulia chini na utando wa rangi hiyohiyo umeshika ukuta wa plastiki. Mwanafunzi anapima maji ya juu, anapata kidogo, anaandika kwamba kisima ni salama. Chuma chote kiko ukutani.

Fanya hivi:

Pampu maji kwanza mpaka yaliyolala kwenye bomba yaishe. Bomba la chuma lenye kutu litakupa chuma cha bomba, wala si cha kisima. Suuza chupa mara mbili kwa maji hayohayo kisha ijaze.

Weka mililita 1 ya asidi ya haidrokloriki iliyokolea kwa kila mililita 500, palepale kisimani. Pima pH kwa karatasi: iwe chini ya 2. Asidi ibebe kwenye chupa ya kudondoshea yenye kifuniko imara, ndani ya chombo kingine, ukiwa na glovu na miwani.

Safiri pia na chupa moja ya maji yaliyokenekwa. Ifungue kisimani, itie asidi ileile, ifunge, urudi nayo. Hiyo ni blanki ya safari. Ikionyesha chuma, basi tatizo ni chupa zako, asidi yako au vumbi la barabarani, na umelijua kabla ya kuandika neno lolote kuhusu kisima cha watu.

Kwa maji ya mto, mathalani Ruaha Mdogo wakati wa masika, tope lenyewe lina chuma. Amua kabla: unataka chuma chote au kilichoyeyuka tu? Kwa kilichoyeyuka, chuja hapohapo kwa kichujio cha mikromita 0.45, kisha ndipo uweke asidi. Ukitangulia kuweka asidi, tope litaachia chuma na hutaweza tena kutenganisha.

## Hatua ya 3: Tengeneza mwyeyusho mama

Angalia chumvi yako kwanza. Fuwele nzuri ni za kijani kilichopauka. Zenye mabaka ya njano au kahawia ziache.

Pima gramu 0.7022. Weka karibu mililita 500 za maji yaliyokenekwa kwenye chupa ya lita 1, ongeza mililita 10 za asidi ya haidrokloriki iliyokolea, tikisa, kisha tia chumvi. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, daima. Ikishayeyuka, jaza hadi alama.

Kwa nini 0.7022? Chumvi hii ina uzito wa molekuli 392.14, na chuma ndani yake ni 55.85, yaani asilimia 14.24. Gramu 0.7022 zina miligramu 100 za chuma. Ukipima 0.6987 kwenye mizani, usihangaike kuongeza chembe mojamoja: andika 0.6987 na upige hesabu ya kiwango halisi.

Siku ya kazi, chukua mililita 10 za mwyeyusho mama, jaza hadi mililita 100. Huo ni miligramu 10 kwa lita. Usiuweke hadi kesho.

## Hatua ya 4: Panga miyeyusho sanifu

Kwenye chupa saba za koniko weka ujazo huu wa mwyeyusho wa miligramu 10 kwa lita:

0, 1, 2.5, 5, 10, 15 na 20 mililita. Chupa ya 0 ndiyo blanki.

Ongeza maji yaliyokenekwa kila moja ifike mililita 25. Zikiishia kwenye chupa za mililita 50, zitakuwa na miligramu 0, 0.2, 0.5, 1, 2, 3 na 4 kwa lita. Nimeweka nukta tatu chini ya 1 kwa makusudi, kwa kuwa maji mengi utakayopima yataangukia huko, na huko ndiko kosa dogo linakoumiza.

Kwa sampuli, pima mililita 25 baada ya kuitikisa chupa vizuri. Fanya kila sampuli mara mbili. Ukihisi chuma ni kingi, chukua mililita 10 au 5 na uongeze maji.

## Hatua ya 5: Chemsha, kisha tia kemikali kwa mpangilio

Mpangilio huu haubadilishwi.

Kwanza, mililita 1 ya asidi ya haidrokloriki iliyokolea na mililita 0.5 ya haidroksilamini kwa kila chupa, miyeyusho sanifu pia. Tia shanga mbili za kioo. Asidi inayeyusha kutu na chembe. Haidroksilamini inarudisha Fe³⁺ kuwa Fe²⁺, kwa kuwa fenantrolini inatoa rangi na Fe²⁺.

Pili, chemsha ndani ya kabati la kuvuta moshi mpaka ibaki karibu mililita 10. Weka alama kwenye chupa kwa kalamu na ufuate alama. Usifuate dakika za kwenye kitabu: Mbeya mjini tuko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Kuchemsha kunasaidia pia kuondoa naitraiti, na kuvunja polifosfati ambazo hushika chuma.

Onyo kubwa: chupa isikauke kabisa. Haidroksilamini haidrokloridi ni sumu, na ikipashwa moto ikiwa kavu ni hatari. Usiiache jikoni ukaenda kunywa chai.

Tatu, acha ipoe hadi joto la chumba. Mimina kwenye chupa ya ujazo ya mililita 50, suuza chupa ya koniko mara mbili kwa maji kidogo na usuuzo huo uingie humo.

Nne, mililita 5 za bafa. Tano, mililita 5 za fenantrolini. Jaza hadi alama, pindua mara kumi, subiri dakika 15.

Wengi hutia bafa mapema ili "kuweka pH sawa". Ukifanya hivyo kabla Fe³⁺ hajarudishwa kuwa Fe²⁺, anakutana na pH ya juu, anaanza kuganda, na rangi inatoka hafifu, tena kwa kiwango tofauti kila chupa.

Kuhusu kiasi cha fenantrolini: mililita 5 zina maikromoli 25 hivi. Chupa yenye miligramu 4 kwa lita ina maikromoli 3.6 za chuma, zinazohitaji karibu 11. Kuna ziada ya kutosha. Anayebana matumizi akaweka mililita 2 anakuwa na 10 tu, na nukta yake ya juu italala.

Ukimaliza, chovya karatasi ya pH kwenye tone moja la sampuli. Ikiwa kati ya 3 na 4, sawa. Ikiwa chini ya 2.5, asidi imeishinda bafa na rangi haitakamilika.

## Hatua ya 6: Soma kwenye spektrofotometa

Iwashe nusu saa kabla. Taa ikiwa bado inapata joto, sifuri inahama.

Thibitisha urefu wa wimbi. Chukua mwyeyusho wa miligramu 4 na usome kila baada ya nanomita 5 kuanzia 490 hadi 530. Kilele kinapaswa kuwa karibu na 510. Kikiwa kwenye 520, piga simu kwa fundi, ila kwa leo soma hapo kilele kilipo na uandike.

Weka sifuri kwa maji yaliyokenekwa, kisha soma blanki yako kama sampuli nyingine. Nasisitiza hili kwa sababu mazoea ya kuweka sifuri kwa blanki yenyewe yanaficha uchafu wote wa kemikali na vyombo. Kwa maji utauona. Blanki ikipita 0.03, rudi Hatua ya 1 na uchunguze bafa.

Shika kyuveti kwenye pande zake za ukungu tu. Isuuze mara mbili kwa mwyeyusho unaofuata, jaza, futa nje kwa karatasi laini, angalia hakuna kiputo, iweke ikielekea upande uleule kila mara. Anza na hafifu uende kwenye kilichokolea. Asubuhi za Juni na Julai, chupa iliyotoka kwenye friji ikiingizwa chumba chenye joto itatoa ukungu nje ya kyuveti, na ukungu huo unazuia mwanga sawa na rangi. Acha vipate joto la chumba kwanza.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiendelee ulipoishia. Subiri taa ipate joto tena, weka sifuri upya, soma upya mwyeyusho wa miligramu 1. Ukirudi kwenye namba ileile ndani ya asilimia 2 au 3, endelea. Vinginevyo anza seti yote.

Sampuli yenye rangi ya asili au ukungu iandalie nakala nyingine yenye kila kitu isipokuwa fenantrolini. Soma hiyo, kisha toa usomaji wake kwenye usomaji wa sampuli.

## Hatua ya 7: Chora mstari, kisha uhoji

Hapa usikimbilie R², namba inayoonyesha nukta zinavyokaribia mstari. Programu itakupa 0.999 hata kama nukta zako mbili za chini ni mbovu, maana nukta za juu ndizo zinazovuta.

Angalia mteremko kwanza. Kiambata cha chuma na fenantrolini kina uwezo wa ufyonzaji wa takriban lita 11,100 kwa moli kwa sentimita. Gawanya kwa 55,850 (miligramu za chuma katika moli moja) upate ufyonzaji kwa miligramu moja kwa lita: karibu 0.199. Kwa hiyo nukta zako zikaribie 0.04, 0.10, 0.20, 0.40, 0.60 na 0.80, ukiongeza blanki. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakitegemei maoni ya mtu. Mteremko wa 0.195 ni mzuri. Mteremko wa 0.14 una habari mbaya hata R² ikiwa 0.9999.

Namna ya kusoma kosa:

Mteremko karibu nusu: umetumia chupa za mililita 100 mahali pa 50, au umekosea kupunguza mwyeyusho mama.

Mteremko mdogo kwa kiasi, mstari umenyooka: chumvi imepimwa vibaya, urefu wa wimbi umehama, au pH iko chini.

Mstari unalala juu: fenantrolini haitoshi. Kwa sampuli zilizopita 1.5, shuku mashine pia. Ufyonzaji wa 2 maana yake ni asilimia 1 tu ya mwanga inayofika, na mwanga kidogo unaovuja ndani ya mashine unatosha kuupotosha. Punguza sampuli kwa maji, urudie.

Mstari umenyooka ila unakata juu ya sifuri: chuma kwenye kemikali, na kimeingia kila chupa kwa kiasi sawa.

Nukta za chini zimetawanyika: vyombo au vumbi.

Nukta moja imeruka: pipeti. Tengeneza nukta hiyo upya. Kuifuta kwenye grafu ili R² ipendeze ni udanganyifu, na mtahini mzoefu ataiulizia, kwa sababu ataona pengo.

## Hatua ya 8: Piga hesabu na uthibitishe

Tuseme mteremko ni 0.198, mkato (mahali mstari unapokata mhimili wa wima) ni 0.004, na sampuli imesoma 0.262.

(0.262 − 0.004) ÷ 0.198 = 1.30 miligramu kwa lita, ndani ya chupa ya mililita 50.

Ulianza na mililita 25, kwa hiyo zidisha kwa 2: 2.6 miligramu kwa lita kwenye maji ya kisima. Kuzidisha huku husahaulika mno. Liandike juu ya jedwali kabla ya kuanza.

Sasa thibitisha. Chukua mililita 25 nyingine za sampuli ileile, ongeza mililita 2.5 za mwyeyusho wa miligramu 10, pitisha hatua zote. Umeongeza 0.5 kwenye chupa ya mwisho. Ukisoma 1.79, umerudisha 0.49, yaani asilimia 98. Kati ya 90 na 110 nakubali. Ukipata 70, kuna kitu ndani ya maji hayo kinazuia rangi, na mstari wako mzuri haukusaidii. Punguza sampuli mara mbili, urudie jaribio la kuongeza.

Kikomo cha ugunduzi kipate kwa kusoma blanki saba zilizotengenezwa mojamoja. Mkengeuko sanifu wake (kipimo cha jinsi usomaji unavyotawanyika) ukiwa 0.002, zidisha kwa 3, gawanya kwa mteremko: 0.03 miligramu kwa lita kwenye chupa, 0.06 kwenye sampuli. Chini ya hapo andika "chini ya kikomo". Usiandike sifuri.

## Hatua ya 9: Andika matokeo kwa mtu atakayeyatumia

Kwenye ripoti weka mteremko, mkato, blanki, asilimia iliyorudi, nakala zote mbili za kila sampuli, tarehe ya kutengeneza bafa. Msimamizi akikosa hivyo hawezi kukusaidia.

Kamati ya maji ya kijiji nayo inastahili jibu. Chuma kikipita miligramu 0.3 kwa lita huanza kutia madoa kwenye nguo na masinki na kubadilisha ladha. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha chuma kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo kisima cha 2.6 usikitangaze kuwa kina sumu. Waambie kwamba maji yatageuka kahawia yakikaa, nguo nyeupe zitaharibika, na kwamba kuyapitisha hewani kisha kuyachuja kwa mchanga kunapunguza chuma kwa kiasi kikubwa. Ukiweza, rudi upime tena baada ya chujio kujengwa, kwa mstari mpya na bafa mpya.

Mabaki ya chupa zote yakusanye kwenye dumu lenye lebo, yasiende kwenye sinki. Kisha rudisha vyombo kwenye asidi jioni hiyohiyo, kabla vumbi halijaingia.